Winchi ya nanga ikila umeme, usikimbilie betri

Juzi kijana mmoja, fundi wa Mkoani, Pemba, kaniandikia: winchi ya nanga inakata breka, ile swichi ya kukata umeme ukizidi, kila ikipandisha, na mwenye boti keshatoa pesa za betri mpya. Ujumbe ule ulinichoma. Kosa hilo nimeshalifanya mimi.

Ilikuwa kaskazi, boti ya watalii pale Nungwi. Mota ya wati 1,000 kwa volti 12, yaani amperi 80 na ushei ikifanya kazi kamili. Nikaona taa zinafifia nanga ikipanda, nikasema betri. Tajiri akanunua mbili. Wiki haijesha, breka ikakata tena, upepo mkali, ufuko uko nyuma ya boti. Mabaharia wakaivuta nanga kwa mikono mpaka viganja vikachubuka. Tajiri hakunigombeza. Alileta fundi mwingine, mimi nikaambiwa nimshikie tochi. Mpaka leo nikikumbuka inaniuma.

Yule naye akabadilisha waya zote. Wapi!

Nikaomba siku moja tu. Nikaazima mita ya kubana waya, nikapima winchi ikizunguka: kwenye betri volti 12.3, kwenye mota 11.8. Njiani imepotea nusu volti tu, waya hazina neno. Nikauvua mnyororo, winchi ikazunguka tupu. Amperi 70, bila mzigo! Basi kinachoizuia kimo ndani. Nilipofungua giaboksi, oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Sili, ule mpira wa kuzuia maji, imekufa, maji ya chumvi yamejaa, na beringi nikiizungusha kwa kidole inakwaruza kama ina mchanga. Nikabadilisha sili, beringi na oili. Ikashuka hadi amperi 25. Niliipata mimi, niliyeshikishwa tochi.

Ndugu zangu mafundi, mota ikizuiwa huvuta umeme zaidi. Pimeni kabla ya kununua. Pimeni winchi ikifanya kazi, si ikiwa imelala. Pesa ya mtu ni amana mikononi mwenu, pimeni! Nanyi manahodha, winchi si ya kuvutia boti. Washeni injini, sogeeni taratibu mpaka mnyororo usimame wima, ndipo mpandishe.

Wewe kijana wa Mkoani, mwambie tajiri asubiri. Nitumie namba tatu: volti kwenye betri, volti kwenye mota, na amperi mnyororo ukiwa umevuliwa.