Maswali yenu: Kumgeuza, kumnyanyua na kumlisha mzee

SWALI: Asalaam aleikum. Nimeanza kazi ya usaidizi wa uuguzi kwenye makao ya wazee. Mzee mmoja hawezi kujigeuza, na juu ya mfupa wa chini ya kiuno ngozi imebadilika rangi. Wenzangu wananiambia nipasugue kwa mafuta ya nazi mpaka pachangamke. Nifanye hivyo?
*Msaidizi mpya, Wete*

JIBU: Waaleikum salaam. Usipasugue hata kidogo. Hapo nyama imebanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti vizuri, na kusugua kunazidi kuiharibu kwa ndani. Mafuta ya nazi si mabaya: yapake kwa wepesi penye ngozi kavu na nzima, siyo juu ya mfupa uliokwisha kuonesha dalili.

Bonyeza kwa kidole kama sekunde tatu, kisha achia. Kwenye ngozi nyeupe utaona pakipauka halafu rangi ikirudi; pasipopauka, kidonda kimeanza. Kwa wazee wetu wengi, wenye ngozi nyeusi, mpauko huo hauonekani, kwa hiyo tumia mkono. Linganisha na ngozi ya pembeni: pana joto zaidi? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama sponji? Pameiva na kuelekea zambarau? Panamuuma? Ukiona moja ya hayo, mwambie muuguzi saa hiyo hiyo, usingoje kukabidhiana zamu.

Mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na uandike saa na upande aliolalia, ili anayekupokea asimrudishe pale pale. Usimlaze ubavu kamili, maana uzito wote utaangukia mfupa wa nyonga. Mwinamishe kama nyuzi 30, mto mmoja mgongoni, mwengine kati ya magoti, na mwengine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Wengi husahau visigino. Wengine, kwa huruma, humkunjia kitambaa kama kata ya kubebea ndoo wakamkalisha juu yake. Usifanye, ile duara inabana damu pembeni mwa kidonda.

Kumvuta kwa makwapa kumpandisha juu nako kunachuna ngozi. Wekeni shuka lililokunjwa kutoka mabegani mpaka mapajani. Mmoja akae huku, mwengine kule, kila mmoja aviringishe ukingo mpaka karibu na mwili, mumnyanyue kwa pamoja bila kumburuza. Nailoni isigusane na mwili wake: wakati wa joto la kaskazi jasho hujaa chini yake, na ngozi iliyoroa huchubuka upesi.

SWALI: Bibi yetu alipata kiharusi, upande wa kushoto hauna nguvu. Tukimtoa kitandani kumweka kwenye kiti cha magurudumu, miguu inamteleza.
*Mjukuu, Mkoani*

JIBU: Kiti kiwe upande wake wenye nguvu, yaani kulia, karibu na kitanda na kwa mshazari. Funga breki zote mbili, na ondoa vikanyagio ili asijikwae. Mvishe viatu vyenye mpira usioteleza, si soksi wala ndara. Mkalishe ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, nyayo zote ziguse sakafu, umuulize kama anaona kizunguzungu. Aliyelala muda mrefu huweza kushukwa na presha akiinuka ghafla.

Mfunge mkanda wa kumnyanyulia kiunoni, juu ya nguo, vidole viwili vipite. Shika mkanda, usimshike kwapani, na mkono wa kushoto usiuvute abadani, kwani misuli ya bega imelegea na kiungo huweza kuteguka. Mkono wake wa kulia ushike mkono wa kiti, si shingo yako. Zuia goti lake bovu kwa goti lako. Kubalianeni neno la kuinukia: “Bismillahi” inatosha, maana anajua baada yake ni kusimama.

Akianza kuanguka, usijaribu kumsimamisha kwa nguvu, mtaumia wote. Msogeze mwilini mwako, ateleze kwenye mguu wako mpaka chini huku ukilinda kichwa. Usimwinue kabla hajakaguliwa.

SWALI: Baba akinywa uji hukohoa, na sauti yake inakuwa kama ina maji. Je, nimpe maji ashushie?
*Mlezi, Jang'ombe*

JIBU: Hapana. Sauti hiyo ni dalili kwamba uji unaelekea kwenye njia ya hewa. Acha kumlisha na mpeleke spitali akapimwe namna anavyomeza. Huenda watamwekea uzito maalumu wa uji na vinywaji. Akikohoa kwa nguvu mwache akohoe, ndiko kunakomwokoa. Asipoweza kukohoa wala kutoa sauti, mpige mara tano kati ya mabega kwa kiganja, kisha msukume tumbo mara tano juu ya kitovu, ukirudia hivyo huku mwenzako akiita msaada.

Akisharuhusiwa kula, akae wima, kidevu kimeinama kidogo, nusu kijiko kwa wakati, na ungoje koo lipande na kushuka kabla ya kijiko kingine. Mwisho angalia shavu la upande dhaifu, chakula hujificha humo. Asilale mpaka ipite nusu saa.