Tumbo la Tropheus, magadi ya Tabora na mengine ya tangini

Barua za safari hii, kuhusu samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika wanaofugwa tangini, zimetoka Ujiji, Katonga, Mwandiga na Tabora mjini. Karibu kila mmoja anataka jina la dawa. Majina nitawapa, lakini mtaona wenyewe ni mara ngapi dawa imekuja mwishoni mwa jibu.

Shikamoo mzee. Nina Tropheus ishirini na wawili wa kuzalisha. Tangu wiki iliyopita wanachukua chakula na kukitema. Watatu wamevimba tumbo, na mmoja anakokota kinyesi cheupe kama uzi. Nawalisha unga wa dagaa ili wakue haraka. Dukani nimeshauriwa dawa ya minyoo. (Mfugaji, Ujiji)

Marahaba. Dawa ya minyoo iweke kando, na huo unga wa dagaa usimwagwe tena humo. Tropheus ni samaki wa kukwangua mwani juu ya mawe. Utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili, umeumbwa kusaga majani taratibu. Ukimshindilia protini na mafuta, chakula kinakaa humo kinaoza, na vijidudu ambavyo siku zote huishi naye kwa amani, vile vyenye mikia ya kuogelea, vinaongezeka kupita kiasi. Wafugaji wa nje huuogopa ugonjwa huu kuliko mwingine wowote kwa samaki wa ziwa letu.

Dalili zinakuja kwa mpangilio, na ukizijua utawahi. Kwanza samaki anajitenga pembeni. Kisha anatema chakula. Kisha ndiyo hicho kinyesi cheupe chenye utelezi. Tumbo kuvimba na kuhema kwa kasi ni mwisho kabisa, kwa hiyo hao watatu sikuahidi kitu. Hao kumi na tisa ndio wa kupigania.

Dawa ni metronidazole, hiyo hiyo ya maduka ya dawa za binadamu. Kwa samaki wanaokula bado, saga kidonge kimoja cha miligramu 200, changanya na gramu 20 za chakula kilicholoweshwa, walishe kwa siku tano mfululizo. Wasiokula watibiwe ndani ya maji: kidonge kimoja cha miligramu 200 kwa kila lita 30, kila siku kwa siku tano, na kabla ya kila dozi badilisha robo ya maji. Kama kichujio chako kina makaa, yatoe kwanza, la sivyo yatainyonya dawa yote. Tibu tangi zima, maana waliobaki nao walikula unga ule ule.

Wakipona, walishe spirulina, yaani mwani mkavu wa dukani, au mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto. Na usiwapunguze wakabaki watano au sita. Tropheus wachache humwandama mnyonge mmoja mpaka anaacha kula, na samaki anayeonewa ndiye wa kwanza kuvimba.

Niko Tabora. Nilisoma kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha uchachu au umagadi wa maji) ya karibu 9, na maji yangu ya bomba yalipima 7. Jumamosi nilisafisha tangi, nikaosha sponji ya kichujio bombani, kisha nikatia magadi mpaka kipimo kikasoma 9. Usiku samaki walikuwa juu wakitweta, asubuhi nusu wamekufa. Hawana doa wala kidonda. Ni ugonjwa gani?

Si ugonjwa, ndugu yangu. Ni amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, na umeiamsha mwenyewe kwa mambo mawili uliyoyafanya siku moja.

La kwanza ni sponji. Bakteria wanaokula uchafu wa samaki wanaishi humo, na klorini ya bomba inawaua. Sponji inakamuliwa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, basi. La pili ni magadi. Amonia inakaa majini kwa sura mbili, moja kali na moja isiyo na madhara makubwa, na pH ndiyo inayoamua ipi itawale. Katika nyuzi 25, kwenye pH 7, sehemu kali haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 9 inapita asilimia 35. Uchafu ni ule ule, hakuna aliyeuongeza, lakini sumu imekuwa zaidi ya mara 50 kwa alasiri moja. Ndiyo maana mfugaji wa maji laini anaweza kuzembea wiki nzima, na wa samaki wa Tanganyika hawezi kuzembea siku mbili.

Kwa waliobaki: acha kulisha kabisa, ongeza hewa, badilisha nusu ya maji leo na nusu tena kesho. Maji mapya yakae kwenye ndoo siku nzima na hewa ikipita, klorini itoke.

Magadi ya gunia sikushauri hata kidogo. Hayana kipimo, yanapandisha pH kwa kishindo, na mengi yana floraidi. Tumia soda ile nyeupe ya kuokea keki, iyeyushe kwenye ndoo ya maji mapya na si tangini, upande hatua ndogo ndogo kwa siku nyingi. Au weka makombe ya konokono wa ziwani chini ya tangi: yatakupeleka polepole hadi kama 8. Kwa samaki waliozaliwa tangini, 8 isiyoyumba ni bora kuliko 9 ya kupanda na kushuka.

Jike langu la frontosa, samaki wa ziwani anayetunza watoto mdomoni, amevimba chini ya taya wiki ya tatu sasa, amekonda na hali vizuri. Nimpe dawa gani? (Katonga)

Hongera, ana watoto mdomoni. Mwache. Frontosa hukaa nao zaidi ya mwezi. Uvimbe wa kooni ukiwa na mwili mwembamba ni uzazi, uvimbe wa tumbo ndio wa kukuhangaisha.

Baridi ya Julai imeniletea madoa meupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi. Jirani anasema pandisha joto. (Tabora)

Jirani yuko sahihi kama kweli ni chembe. Vimelea hivi vinapokuwa chini ya ngozi hakuna dawa inayovifikia, vinakufa pale tu vinapoogelea kutafuta samaki mwingine. Joto la nyuzi 29 au 30 linaharakisha mzunguko ili vitoke mapema. Chumvi inavimaliza: gramu 2 kwa lita, chumvi ya Uvinza inafaa sana, iyeyushe kwanza na uigawe kwa siku mbili. Endelea siku kumi hata madoa yakiisha siku ya nne. Hewa iongezwe, maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi.

Lakini angalia vizuri kwa tochi. Kama unachokiona ni utando mweupe mdomoni au mgongoni, kama pamba, hao huenda ni bakteria, na bakteria wale hupenda joto. Hapo ukipasha maji utawapoteza wote kwa siku moja au mbili.

Nimewapa samaki OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria) ya kuku majini siku saba, hakuna nafuu. (Mwandiga)

Wala haitakuja. Madini ya kalisi na magnesi kwenye maji magumu yanaikamata dawa hiyo kabla haijaingia kwa samaki. Umetibu maji. Ikibidi kuitumia, ipitie kwenye chakula, na mtaalamu wa mifugo akupangie kiasi.

Tunazamia frontosa mita 30. Wakifika juu wanaelea tumbo juu. Wenzangu wanawatoboa kwa sindano.

Hawaumwi, ni gesi ya kibofu cha hewa imetanuka. Samaki wa jamii hii hawezi kuicheua, lazima ifyonzwe na damu taratibu. Hesabu yake ndiyo inayowadanganya wazamiaji wengi: kutoka mita 30 hadi 10 gesi inaongezeka mara mbili, na kutoka mita 10 hadi juu inaongezeka mara mbili tena. Yaani zile mita 10 za mwisho, ambazo wengi huzipanda kwa haraka kwa sababu mwanga unaonekana, zina uzito sawa na 20 za kwanza. Wawekeni kwenye kizimba, muwapandishe kwa vituo, kila kituo siku moja au zaidi, na vituo viwe karibu karibu mkikaribia uso wa maji. Sindano inafungua njia ya uchafu kuingia tumboni, wengi wao hufa baadaye kwa mnunuzi. Nanyi wenyewe pia msipande kwa pupa, damu ya mtu nayo ina gesi.

Samaki waliokufa kwenye matibabu niwape kuku? Na waliopona wakinishinda niwarudishe ziwani?

Hapana mara mbili. Metronidazole haitakiwi kwa mnyama wa kuliwa, kwa hiyo fukia shimo refu. Na samaki aliyekaa tangini na wageni anaweza kubeba kitu ambacho samaki wa mwamba alikotoka hawajawahi kukutana nacho. Ukiwachoka, mpe mfugaji mwenzako, na umwambie waliugua nini na walitibiwa lini.