Soma ubeti wa pili kabla hujaacha kazi

Nawajua watu watatu walioacha kazi zao kwa kisingizio cha shairi moja, na mmoja wao ni mimi.

Shairi lenyewe ni "The Road Not Taken" la Mmarekani Robert Frost, lile la njia mbili zinazoachana msituni. Lilichapishwa mwaka 1915, na mwaka uliofuata ndilo lililofungua mojawapo ya vitabu vyake. Hata kama hujalisoma, huenda umesikia mwisho wake: msemaji alishika njia isiyopitwa na wengi, na hapo ndipo tofauti yote ilipotokea. Maneno hayo niliyabandika ukutani, juu ya meza yangu, wakati nina barua mbili mkononi. Moja ilinipandisha cheo nilipokuwa nafanya kazi. Nyingine ilikuwa ya kutafsiri vitabu, mshahara mdogo, mkataba wa miezi sita. Nikachagua kutafsiri. Kwa miaka mingi, aliyeniuliza kwa nini nilimjibu kwa maneno yale ya ukutani, kifua mbele.

Baadaye nikawa nafundisha ushairi jioni. Siku tulipolichambua shairi hilo, binti mmoja ambaye kwa kawaida haongei akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Ubeti wa pili anasema njia zote mbili zilikuwa zimechakaa karibu sawasawa. Sasa hiyo isiyopitwa na wengi ni ipi?"

Nikamwambia tutaliangalia wiki ijayo. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Nyumbani nikalisoma upya, polepole, kama vile silijui. Umbo halina makuu: beti nne za mishororo mitano mitano, kwa hesabu hiyo tungeliita takhmisa. Vina viwili tu kwa kila ubeti, na kuna wachambuzi watakaokuambia kwamba vina viwili ndizo njia mbili. Mimi hilo naliacha lipite.

Sitiari ya njia nayo haihitaji maelezo kwa Mswahili. Mtu akisema "niko njia panda" hatumuulizi barabara gani. Tena tunaye fisi wetu aliyeshindwa na njia mbili kwa sababu alizitaka zote. Msemaji wa Frost anamzidi fisi kwa jambo moja: anajua hawezi kupita zote. Anasimama, anachungulia njia ya kwanza mpaka inapokunja na kupotelea vichakani, kisha anaifuata ya pili. Tazama taswira hiyo vizuri. Jicho lake linaishia kwenye kona. Hata angesimama hapo mpaka jioni asingeona zaidi, na ndivyo nilivyokuwa nikizigeuza zile barua mbili usiku kucha, kama vile zina maandishi mengine nyuma.

Utamu umo kwenye kejeli, nayo imejificha katikati. Mwanzoni anasema njia ya pili ilikuwa na majani mabichi, yaani ilihitaji wapitaji. Papo hapo anajisahihisha: kwa kweli zilikuwa zimechakaa karibu sawa. Ubeti wa tatu anakazia kwamba asubuhi ile zote mbili zilikuwa zimefunikwa na majani ambayo hayajakanyagwa. Sasa nenda ubeti wa mwisho, uangalie nyakati za vitenzi. Habari ya kuchagua ilikuwa katika wakati uliopita, lakini hapa anahamia wakati ujao: miaka mingi ijayo atakuwa akisimulia kwamba alishika njia isiyopitwa na wengi. Anatutabiria hadithi atakayokuja kuitunga. Anafika kwenye neno "mimi", anasita, analirudia "mimi" mwanzoni mwa mshororo unaofuata, ndipo anajipa ushujaa. Takriri hiyo ndogo nilikuwa nimeipita mara mia.

Na atasimulia huku akishusha pumzi. Kwa Kiingereza neno lake halisemi kama ni nafuu au majuto. Nilipojaribu kulitafsiri likanishinda, maana "kushusha pumzi" kwetu kunaelemea upande wa nafuu, na "kuugulia" kunaelemea majonzi. Yeye kaliacha hapo katikati makusudi.

Frost aliishi Uingereza kati ya 1912 na 1915, na alikuwa akitembea mashambani na rafiki yake, mshairi Edward Thomas, ambaye kila wakichagua njia alisikitikia ile waliyoiacha. Shairi lilikuwa la kumtania. Thomas hakuuona utani. Aliuawa vitani kule Arras, Ufaransa, mwaka 1917. Na kwa sababu ya masikitiko yale ya Thomas, jina la shairi linaitaja njia ambayo haikufuatwa, jambo ambalo sisi wabandika ukutani tunalisahau.

Basi ushauri wangu kwa aliye njia panda ni huu. Usiombe shairi likuchagulie. Siku ya kuamua, andika sababu zako zilivyo, hata zikiwa za aibu, na uweke tarehe. Na mkubwa wako akikusimulia jinsi alivyothubutu, msikilize kwa adabu, lakini kumbuka kwamba yuko ubeti wa nne.

Mimi nilibahatika kuwa na daftari la miaka ile. Nilikuwa nimeandika: "Ijumaa. Nimekubali ya kutafsiri. Bosi alitaka jibu kabla ya saa kumi, nikachelewa kurudi kutoka benki." Basi. Hakuna neno juu ya ujasiri.

Wiki iliyofuata nililisomea darasa ukurasa huo. Yule binti akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, unajuta?"

Kabla sijafungua mdomo nikashusha pumzi, na darasa zima likaangua kicheko.