Sikukuu ya Krismasi: acheni "kumsaidia mama"

Msomaji mmoja wa Masasi ameandika kwamba kila Krismasi hufika kanisani mahubiri yamekwisha, kitenge kinanuka moshi, na chakula kikiiva hana hamu nacho. Nyumbani ana mume, vijana wawili na wifi. "Wote hunisaidia," anasema.

Dada yangu, tatizo ni hilo neno. Anayesaidia husubiri kutumwa. Mpe kila mtu kazi nzima, tangu kununua hadi kuosha chombo alichotumia. Mgawane kabla ya Jumapili ya nne ya Majilio, maana siku hizo wengine bado wako kwenye korosho.

Kuku ni wa baba na kijana mkubwa. Watu 20 wanatoshwa na kuku 4 wa kienyeji, kila kuku vipande 8. Kama majirani Waislamu watakula, muombeni mmoja wao mapema aje achinje tarehe 24 jioni. Maji ya kunyonyolea yafuke moshi tu, yasitokote, la sivyo ngozi hubanduka pamoja na manyoya. Wachemsheni usiku huohuo kwa chumvi na tangawizi, jogoo aliyekomaa saa moja na nusu, na alfajiri watokote tena. Kuni ziingizwe ndani mapema, mvua za Desemba hazipigi hodi.

Wali wa nazi ndio huwaharibikia wengi. Kilo 3 za mchele, nazi 6. Mchele uchambuliwe usiku, lakini nazi ikunwe asubuhi: kwa joto la Lindi na Mtwara, tui la usiku bila friji limechacha kukipambazuka. Anayekaa kwenye mbuzi aache kukuna akiona weusi wa kifuu, asije akatia wali rangi. Tui zito liwekwe pembeni. Mchele upikwe kwa tui jepesi, zito limiminwe maji yanapokaribia kukauka. Likitangulia, chini hushika na punje hubaki na kiini. Kisha palieni, makaa mengi juu ya mfuniko, machache chini.

Na ibada? Aliyekwenda misa ya mkesha ndiye abaki na sufuria asubuhi, awe mwanamume au mwanamke. Mama akienda asubuhi, aende ameoga, akae tangu wimbo wa kwanza. Marta wa Luka 10 alilalamika kwa sababu aliachwa atumike peke yake, na sisi tunamhubiri kila mwaka huku Marta wetu yuko jikoni hasikii. Wanaume wa Kikristo, hilo ni deni letu.

Watoto wapeleke sahani za majirani kwanza, chakula kikiwa cha moto. Sufuria ya wali iloweshwe maji mara ukoko ukishatolewa. Kuisugua ni kazi ya aliyepika, kabla hajalala mchana.