Rundo Nyuma ya Mlango: Maswali Yenu Kuhusu Mifuko

Nilipotaja hapa kwamba nina mfuko mmoja kazi yake ni kutunza mifuko mingine, nilidhani nitachekwa. Kumbe tuko wengi. Meseji ziliingia mpaka simu ikapata moto, nami nimezifupisha kidogo.

Shangazi, shikamoo. Mama mkwe ana begi zima la marambo ya zamani, ile mifuko ya plastiki ya sokoni, hataki yatupwe. Anasema ni mali. Tupo Mbagala. Kuna kosa kukaa nayo ndani?

Marahaba, mwanangu. Mama mkwe wako namwelewa. Sisi tuliokua enzi za rambo hatukutupa kitu: likitoka sokoni linaoshwa, linaanikwa kambani kama nguo, kisha linakunjwa chini ya godoro kusubiri safari ya kijijini. Lakini tangu tarehe 1 Juni 2019, Tanzania Bara imepiga marufuku mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa, uwe mwepesi uwe mzito. Na kanuni hazikuishia kwa mwenye kiwanda na muuzaji. Anayekutwa nao naye ana fungu lake: faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Wenzetu wa Zanzibar walitutangulia, wao walikataza mwaka 2006.

Kwa hiyo usimtume mtoto gengeni na rambo. Msiyachome, msiyafukie. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa uulize pa kuyasalimisha. Ila kwa mama mkwe, usianze na neno "tupa". Mpelekee kwanza mifuko miwili mizito iliyoshonwa vizuri, mwache aitumie wiki moja, ndipo ulitaje lile begi.

Mimi nafunika wali kwa mfuko wa nailoni chini ya mfuniko ili mvuke usitoke. Jirani ananiambia napikia watoto sumu. Ni kweli au ni wivu tu?

Wivu sijui, ila kwa hili jirani ana hoja.

Mfuko ule haukutengenezwa kukaa jikoni. Una rangi, una wino wa maandishi, una vitu vilivyochanganywa kiwandani ili uwe laini, na joto ndilo linalovitoa. Unaweza kusema mvuke wa wali si moto mkali. Sawa, lakini plastiki ile huanza kulainika karibu na joto la maji yanayochemka, na ukingo wa sufuria iliyokaa kwenye mkaa una joto kuliko mvuke wenyewe. Ndiyo maana ukifunua unakuta mfuko umesinyaa pembeni na umeng'ang'ania bati. Na ukipalia makaa juu ya mfuniko, hapo ndiyo umeuyeyusha kabisa.

Nina ushahidi wangu mwenyewe. Nyumbani kwetu siku moja ulitumika mfuko wenye maandishi mekundu. Tulipofunua, herufi mbili zilikuwa zimejichapa juu ya ubwabwa, zimegeuka nyuma mbele kama kwenye kioo. Bibi akachota ile sehemu kwa mwiko, akawapa kuku, sisi tukala kilichobaki. Leo nisingekila.

Tumia jani la mgomba. Lipitishe juu ya moto kidogo hadi ling'ae na kulegea, lisije likapasuka, kisha lilaze juu ya wali na mfuniko juu yake. Wali unatoka na harufu ambayo hakuna mfuko utakaokupa. Kama huna mgomba karibu, kitambaa cheupe safi kilicholowekwa na kukamuliwa kinatosha; pindo zake zikunjie juu ya mfuniko zisiguse moto.

Mume wangu kila akipita dukani anarudi na mfuko mbadala mpya. Nimehesabu, iko 63. Niifanyeje?

Sitini na tatu! Hata mimi sijafika huko.

Wengi tunadhani mfuko mbadala ni kitambaa kwa kuwa ukiushika una manyoyamanyoya. Si kitambaa. Ni plastiki, ndugu wa damu wa salfeti la mchele, tofauti ni kwamba nyuzi zake hazikufumwa, zimegandamanishwa kwa joto. Uliruhusiwa kwa sababu unatarajiwa kutumika mara nyingi, na ndiyo maana kiwango kilichowekwa ni uzito usiopungua gramu 70 kwa mita moja ya mraba. Ukiutumia mara moja ukautupa, umelirudisha rambo kwa jina jipya, tena zito zaidi.

Anza kwa kuchambua. Kila mfuko uuinue kwenye mwanga: unaoona taa vizuri upande wa pili ni mwembamba, huo mpe kazi nyepesi kama kuhifadhia viatu au mashuka ya wageni. Mizito chagua kumi tu. Iliyobaki, kama ni safi, mpelekee mama wa genge unayenunua kwake nyanya. Wangu nilimpelekea ishirini, akanipa fungu la mchicha bila kuniuliza hela.

Zile kumi sasa zikunje kama sambusa. Kunja mfuko kwa urefu uwe ukanda mwembamba, anza chini, peleka kona upande huu, kona upande ule, mpaka ufike kwenye mikono, uichomeke ndani. Unapata pembetatu inayoingia mfukoni mwa suruali. Mbili zikae kwenye suruali za baba. Asipokuwa nazo, arudi na nyanya mikononi.

Usiiache juani, lakini. Jua huila plastiki hii. Niliuning'iniza mmoja uani na vibanio vya nguo ndani, baada ya miezi ukaanza kupukutika kama majani makavu, na vipande vyake nikawa naviokota hadi kwenye bakuli la kuku.

Mfuko uliobeba dagaa unafuliwaje?

Kwa mkono, maji baridi, sabuni ya kawaida, halafu suuza kwa maji ya limao na uanike kivulini, ndani nje. Pasi usiiguse. Na wa samaki na nyama uwe wa samaki na nyama siku zote. Mimi wangu nimeufunga uzi mwekundu kwenye mkono ili msichana wa kazi asije akautilia mkate.

Kipande cha nailoni kinawasha mkaa haraka kuliko mafuta ya taa. Ubaya wake nini?

Moshi wake unaingia kifuani kwako, kwanza wewe uliyeinama unapuliza. Anika maganda ya machungwa mpaka yakauke kakaka, yana mafuta, yanashika moto mara moja. Makumbi ya nazi nayo ni mazuri.

Nipo Muscat, nakuja Dar likizo. Viatu na zawadi zote nimezifunga kwenye mifuko ya plastiki ya dukani. Uwanja wa ndege watanisumbua?

Ifungue kabla hujaondoka. Mifuko ya kubebea hairuhusiwi kuingia nchini, na abiria hutakiwa kuiacha uwanjani. Vile vifuko vidogo vya zipu vya kuwekea vimiminika haviko kwenye katazo, mradi ubaki navyo na urudi navyo. Kama ndege inapitia Nairobi na utatoka nje ya uwanja, Kenya wana katazo lao tangu 28 Agosti 2017, tena faini zao ni za mamilioni. Rwanda ndiyo usiseme, wao tangu 2008.

Viatu viingie kwenye foronya. Chupa za uturi zikaze vifuniko kwa utepe, uzikunje kwenye kanga, moja moja. Kanga zenyewe si ni zawadi? Utakuwa umefungia zawadi kwa zawadi.

Mwanangu wa miaka tisa ananiibia vifuko vya mkate na sukari, anatengeneza mpira wa chandimu. Nimpige marufuku?

Umwache. Mpira wa vifuko vitupu unadunda vizuri lakini unakatika tumbo siku ya pili. Mwambie katikati aweke matambara, vifuko vizunguke juu yake, vyote viingie kwenye soksi kuukuu, kisha afunge kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kwa kukatisha. Na soksi aombe. Najua atachukua ya baba yake, ile mpya.