Shangazi, maonyesho ya sanaa ni ya nani?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, naishi Tabata na wanangu wawili. Siku ya mapumziko tunaishia Kariakoo au Coco Beach. Mtandaoni naona mabango ya maonyesho ya sanaa hapa Dar es Salaam na moyo unataka, lakini nikifikiria magari yaliyopangana getini na wageni waliojaa ndani, naahirisha. Kuna kiingilio? Mtu anavaa nini? Na nikiulizwa picha naionaje nitasema nini, mimi ambaye sikusomea sanaa?*
Mama wa wawili, Tabata

Marahaba, mwanangu. Ingia. Vaa nguo unazovaa ukienda kumtembelea shoga yako, na viatu vya kutembelea.

Anza na Nafasi Art Space, Mikocheni B, kwenye eneo la viwanda vidogo. Ipo tangu 2008, na ninaipenda kuliko kumbi zote za mji huu kwa sababu kazi inafanyika palepale inapoonyeshwa. Wasanii wana karakana zao uani, nyingine ni makontena ya mizigo yaliyokatwa milango na madirisha. Unatoka kwenye ukumbi wa maonyesho, unapiga hatua chache, unamkuta aliyechora akiwa na brashi mkononi. Kutazama picha ukutani kwa kawaida hulipii, ila matamasha ya jioni yanaweza kuwa na tiketi, basi tazama kurasa zao kabla hujatoka nyumbani. Ukifika Mwenge, chukua bajaji. Si mbali.

Usiende usiku wa ufunguzi kwa mara ya kwanza. Usiku ule una hotuba, salamu na watu wanaofahamiana, na picha zenyewe huzioni vizuri kwa sababu kila ukisogea kuna mgongo wa mtu. Nenda alasiri ya siku ya kazi. Wewe una zamu, kwa hiyo una bahati ambayo wenzako wa ofisini hawana.

Sasa hili la kusema nini. Wewe unatazama miili ya watu kila siku. Unajua mkono wa mtu aliyechoka unavyolala, unajua macho ya mwenye homa. Mchoraji wa watu akikosea bega utaliona kabla ya mwenye shahada. Usiulize "hii inamaanisha nini?", maana swali hilo huwafunga wasanii wengi midomo. Uliza: umeanzia kona gani? Umetumia rangi gani? Kwa nini hapa umepaacha wazi? Wataeleza hadi jua lizame.

Mfano mzuri kwa watoto ni chapa za mbao. Lutengano Mwakisopile, mmoja wa wasanii waliobeba jina la Tanzania kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa huko Italia, mwaka 2024, nchi yetu ilipokuwa na banda lake kule kwa mara ya kwanza, anafanya kazi za namna hii. Msanii anachonga ubao, anaupaka wino, analaza karatasi juu na kukandamiza. Palipochongwa panabaki peupe, palipoachwa panatoka na wino, na picha inatoka imegeuka, kulia kushoto. Mtoto wa miaka saba akielezwa hivyo mara moja, atasimama mbele ya chapa akitafuta kisu kilipita wapi. Chini ya chapa utaona namba kama 3/10: ni nakala ya tatu kati ya kumi, na hazitaongezwa. Ndiyo maana chapa huwa na bei nafuu kuliko mchoro wa rangi ulio mmoja tu duniani. Ukiona nukta nyekundu pembeni ya picha, imeshapata mwenyewe. Kupiga picha, omba kwanza, na uzime flashi.

Lipo jambo linaloniuma na nitalisema. Maelezo ukutani mara nyingi ni ya Kiingereza peke yake, katika mji ambao watu wake wanaota ndoto zao kwa Kiswahili. Usikubali likufukuze. Mwite mhudumu, mwombe akueleze kwa Kiswahili, na kama kuna kitabu cha wageni andika humo kwamba ungependa maelezo ya Kiswahili. Wakiandika wengi, watabadilika.

Siku nyingine wapeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ambako nako maonyesho ya sanaa hufanyika. Pale kuna kiingilio, lakini Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho.

*Shangazi, dada yangu anaolewa na nina sh 60,000 ya zawadi. Sitaki kumpa seti ya glasi. Picha ya Tingatinga au kinyago? Nitajuaje kitu ni halisi? Na je, kupunguziana bei na msanii ni kumdharau?*
Kijana wa Mbezi

Umenifurahisha. Glasi zitavunjika kabla ya mtoto wa kwanza kutambaa.

Picha, nenda Oysterbay, Morogoro Stores, kwenye ushirika wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vitu vilivyopatikana: hadibodi na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Picha zake ziliuzwa hapo hapo Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Ndugu na vijana aliowafundisha ndio walioendeleza, na leo pale utawakuta mafundi wameinama, kila mmoja na kikopo chake cha rangi.

Kuhusu uhalisi, wengi wanadhani Tingatinga halisi ni aliyochora Edward mwenyewe. Hizo za mkono wake hutazipata kwa elfu sitini. Unachonunua ni kazi ya mchoraji aliye hai, nayo ni halisi kama ameifanya yeye na ametia sahihi yake. Watu huigana michoro pale, chui yuleyule na kanga walewale utawaona kwenye vibanda kumi. Kwa hiyo usinunue kwa mtu wa kwanza. Zunguka. Tafuta mtu aliyebadilisha kitu: soko la samaki, foleni ya daladala, harusi yenyewe. Sogeza jicho karibu utazame kingo za rangi. Mkono mzuri unaweka nukta zake bila kusita, na mandhari ya nyuma inatoka rangi moja hadi nyingine bila mabaka. Uliza imemalizika lini, kwa sababu rangi ya mafuta huchelewa kukauka, na ikiwa bado inanata usikubali ikunjwe. Kama ni ya kitambaa na imekauka, ikunje kama mkeka, rangi ikiwa nje, usiibane.

Picha ndogo utaipata bila kumaliza pesa yako, na itabaki ya kuweka fremu. Fremu mpelekee fundi seremala wa mtaani kwenu.

Kinyago, nenda soko la vinyago la Mwenge. Kwa harusi ningekutafutia cha mtindo wa Ujamaa: watu waliopandana na kushikana, wote kutoka gogo moja la mpingo. Ile mitindo ya shetani, yenye maumbo ya mizimu na viumbe wa ajabu, aliyoianza mchongaji Samaki Likankoa mwishoni mwa miaka ya 1950 ni sanaa kubwa na ninaiheshimu sana, lakini mpe mtu aliyeiomba. Kwa pesa yako Ujamaa wa mpingo utakuwa mdogo, wa kushika mkononi. Usivutwe na kikubwa cha bei hiyohiyo, huenda ni mti mwepesi uliopakwa kiwi. Shika: mpingo ni mzito kupita unavyotarajia, na ukitumbukizwa majini huzama. Futa chini yake kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, na kikichafuka cheusi, rudisha. Mstari wa rangi ya maziwa pembeni si kasoro, hiyo ni nyama ya nje ya mti wenyewe. Mwambie dada asikiweke juani wala mbele ya kiyoyozi, kitapasuka.

Kupunguziana bei Mwenge na Morogoro Stores ni sehemu ya mazungumzo, hakuna anayekasirika. Ila usianze kwa kuitukana kazi ili ishuke. Sema pesa uliyonayo, uliza kama kuna kitu kinachotosha hapo. Na muulize muuzaji aliyechonga ni nani. Kama yupo nyuma ya kibanda, nenda ukamwone. Jina lake liandike nyuma ya kadi ya harusi, pamoja na mwaka. Kinyago kisicho na jina la fundi kinanisikitisha kila nikikiona sebuleni kwa mtu, na tunavyo vingi hivyo mjini humu.

*Nashona mikoba ya kitenge, Mbagala. Nimealikwa kukodi meza kwenye soko la wabunifu mwisho wa wiki huko Masaki. Ada yake ni kubwa kwangu. Pia naogopa kuigwa. Niende?*
Mshonaji

Nenda kwanza kama mnunuzi, mwezi mmoja kabla, bila mikoba. Hesabu meza za mikoba ya kitenge. Zikiwa nyingi, meza yako itakuwa ya kushindana kwa bei, na hapo ada itakumeza. Angalia pia watu wanatoka na mifuko au wanatoka na picha za simu tu.

Ukiona panafaa, tafuta mwenzako mgawane meza, awe muuza kitu tofauti: sabuni, hereni, vyungu. Bandika bei kwenye kila mkoba, maana wateja wa kule wengi huondoka kimya kuliko kuuliza. Uwe na lipa namba na chenji.

Kuigwa: kitenge chenyewe kila mtu anakinunua Kariakoo, hapo huna cha kuzuia. Kilicho chako ni umbo la mkoba, ushonaji na jina. Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na ukitaka kulilinda zaidi, alama ya biashara inasajiliwa hukohuko. Kama unachora michoro yako mwenyewe kwenye kitambaa, hiyo inalindwa na sheria ya hakimiliki ya 1999, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wakueleze. Shona lebo yenye jina lako ndani ya mkoba, siyo kubandika kwa gundi.

Kabla hujalipa, waulize waandaaji kwa maandishi: meza na kiti vimo ndani ya ada? Umeme? Mlinzi wa usiku kama soko ni la siku mbili? Na turubai. Ikiwa ni Aprili, usikubali meza ya nje bila turubai, kwa sababu kitenge kikishalowa siku hiyo hutauza tena.