Kwa nini damu imeshuka ghafla baada ya homa ndogo

Mama uliyeuliza kwa nini mwanao mwenye selimundu damu imeshuka ghafla baada ya homa ndogo, ilhali mdogo wake aliyeugua pamoja naye yuko salama: pole sana. Daktari akikutajia kirusi kiitwacho pavovirusi B19, hicho ni kisababishi kinachojulikana tangu 1981.

Kirusi hiki huingia kwenye uboho wa mifupa na kuua seli changa zinazozaa chembe nyekundu. Uzalishaji husimama kwa siku 7 hadi 10 hivi. Kwa mtoto asiye na selimundu si kitu, chembe zake huishi siku 120 hivi, akiba ipo. Za mwanao huishi siku 10 hadi 20 tu, kwa hiyo kiwanda kikifungwa wiki moja, ghala linabaki tupu. Wenye sferositosi ya kurithi (ugonjwa mwingine ambamo chembe nyekundu huwa duara na kuvunjika mapema) nao hupata hivyohivyo.

Waulize wamepima retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa. Zikiwa chache mno, jibu ndilo hilo. Vidonge vya madini ya chuma havisaidii hapa (jirani atakushauri tu!), wala antibayotiki haziui kirusi. Huongezewa damu, kisha uboho huamka wenyewe, na kwa kawaida hapatwi tena.

Kama nyumbani kuna mwingine mwenye selimundu, apimwe damu hata kama anacheza. Mjamzito naye amwambie daktari wake. Mtoto akipauka, akihema haraka au tumbo likivimba upande wa kushoto, usingoje asubuhi.